Uzoefu wangu: euro 30 za michezo chuoni Ufaransa, na pesa zilizotangulia

Tulikuwa kwa mama, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, tunakula bukari na sombe, mdogo wangu akaniuliza mimi dada yake: "Yaya, kule Ufaransa ukitaka kucheza, wanalipisha?" Nikamwambia nililipa euro 30. Akadhani ni za mwezi. Nikamwambia ni za mwaka mzima, pamoja na pisini (bwawa la kuogelea), ukumbi wa kunyanyua vyuma, badminton na mwalimu wa kila mchezo. Mama akatikisa kichwa, maana yeye anakumbuka vizuri pesa zilizotoka nyumbani kabla sijafika kwenye hizo euro 30.

Ndiyo sababu naandika yote mawili pamoja, michezo na pesa hizo. Niliondoka Lubumbashi mwaka 2023 kwenda kusoma masta ya miaka miwili katika mji mmoja wa kaskazini mwa Ufaransa. Jina la chuo naliacha, kwa kuwa nitasema na mabaya yake. Kinachofaa kujua ni kwamba vyuo vikuu vya serikali kule vina idara ya michezo inayoitwa SUAPS, na hiyo ndiyo huduma ninayoieleza hapa.

Kwanza pesa. Dosie inapitia Campus France, shirika la Ufaransa linalopokea maombi ya wanafunzi wa nje, kwa njia ya mtandao. Kwa ajili ya viza, nilitakiwa kuthibitisha kwamba nina euro 615 za kuishi kwa kila mwezi, yaani euro 7,380 kwa miezi 12. Si pesa za kulipa, ni za kuonyesha, lakini ili uzionyeshe lazima ziwepo. Baba aliuza kiwanja alichokuwa amekitunza upande wa Ruashi, wajomba wawili wakaongeza, tukaziweka benki kwa mpango wa AVI: benki inatoa karatasi ya kuahidi kwamba pesa zitakufuata, mwezi kwa mwezi, na huwezi kuzirudisha nyuma. Viza yenyewe ilikuwa euro 50 kwa sisi tuliopitia Campus France. Tiketi ya ndege kila mtu anaijua uchungu wake.

Halafu minervali, yaani ada ya masomo. Tangu 2019 serikali ya Ufaransa imeweka bei tofauti kwa wanafunzi wasiotoka Ulaya: nilipoingia, masta ilikuwa euro 3,770 kwa mwaka, na lisansi (digrii ya kwanza) euro 2,770. Lakini wakati ule vyuo vingi viliruhusu wageni walipe kama Wafaransa, na changu kilikuwa kimoja kati ya hivyo. Nililipa euro 243. Euro 3,527 za tofauti, kwa masomo yale yale, diploma ile ile! Mdogo wangu, ambaye naye anajiandaa kwenda kusoma kule, alikuwa ameshachagua vyuo vitatu bila kuuliza jambo hilo. Nilimrudisha kwenye mashine ya kompyuta usiku ule ule, akaanza kusoma ukurasa wa kila chuo upya.

Juu ya minervali kuna ada nyingine, CVEC. Usipoilipa, huandikishwi. Ilianza na euro 90 mwaka 2018, mimi nikaikuta euro 100. Niliilipa kwa manung'uniko kwa sababu niliiona kama kodi ya bure. Baadaye nikaelewa kwamba humo ndimo zinamotoka pesa za daktari wa chuo, za shughuli za utamaduni, na za michezo. Ile euro 30 ya SUAPS ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa umeshailipa kwa mlango mwingine. Vyuo vingine havidai hata hiyo 30.

Sasa viwanja.

Hapa nyumbani, kwenye chuo nilichosomea lisansi, tulikuwa na kiwanja kimoja cha basketi cha saruji, chenye ufa katikati, na kikapu kimoja bila wavu. Wasichana tulicheza asubuhi kabla ya wavulana kuja. Kuanzia Novemba mvua inakufukuza, na kiangazi vumbi jekundu linakaa kwenye soksi hadi zinakuwa za rangi hiyo milele. Nilikipenda kiwanja kile na bado nakipenda. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa tunalipa ada ya michezo kila mwaka, na katika miaka yangu yote pale sikuona mpira mmoja mpya.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia kwenye ukumbi wa kule, sakafu ya mbao inang'aa, mistari ya michezo minne imechorwa kwa rangi nne, taa zinawaka zote, nilisimama mlangoni. Mlinzi akaniangalia miguuni akanirudisha. Viatu vilivyotembea barabarani haviingii ndani. Lazima uwe na jozi nyingine ya ndani tu, yenye soli isiyoacha alama. Nikanunua ya euro 20. Nyinyi mnaojiandaa, viatu vya ndani vibebeni kutoka nyumbani, ni uzito mdogo. Baada ya mazoezi kuna bafu lenye maji ya moto, na kabati la kufunga begi. Ukitoka bwenini kwenye chumba cha mita 9 za mraba, bafu lile pana ni raha ya kweli.

Lakini kilichonibadilisha ni pisini.

Nilikuwa na miaka 24 na sijui kuogelea. Lubumbashi pisini ni za hoteli na za klabu za watu wenye uwezo. Unalipa kila unapoingia, na anayelipa anakwenda kupoa na kupiga picha, si kujifunza. Niliandikishwa kwenye darasa la watu wazima wasiojua kabisa. Tulikuwa 11: Wamoroko, Wachina, Mfaransa mmoja aliyewahi kuzama utotoni, mimi. Kofia ya kuogelea ni lazima, na kofia za kawaida haziingii kwenye nywele zilizosukwa. Wiki mbili nilikaa pembeni nikiangalia wenzangu. Mwalimu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya upole, alinitafutia mwenyewe kofia kubwa iliyotengenezwa kwa nywele kama zangu, akaniletea. Sijamsahau.

Wiki tatu tulifanya kitu kimoja: kutoa pumzi ndani ya maji. Unashika ukingo, unazamisha uso, unapuliza, unainuka. Mwezi wa tatu, mwaka uliofuata, nikavuka mita 25 bila kusimama. Nililia nikiwa bado nimeshika ukingo wa upande wa pili. Nchi yetu ina Tanganyika, Mweru, Kivu, mto Kongo wenyewe. Mashua zinapinduka na watu wetu wanakufa karibu na ufuko kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha. Nilijifunza kwa euro 30, tena kwenye mji ambao hauna hata ziwa.

Mabaya yapo. Nafasi zinafunguliwa kwenye mtandao siku moja, saa 2 asubuhi, na michezo inayopendwa inajaa ndani ya dakika chache. Mwaka wa kwanza nilikosa badminton kwa sababu nilifika kutoka Kongo na kadi yangu ya mwanafunzi bado haijatoka, na bila kadi mfumo haukufungulii. Wageni wanaochelewa kwa sababu ya viza ndio wanaoadhibiwa hapo. Niliandika barua, nikajibiwa nisubiri muhula wa pili. Si haki, na ningependa idara ile iwatengee wageni nafasi chache. Tena likizo zikifika milango inafungwa, na Krismasi ndiyo wakati ambao mtu wa mbali anahitaji mahali pa kwenda kuliko wakati wowote. Ukumbi wa vyuma saa za jioni umejaa kiasi kwamba unasubiri zamu. Mimi nilikuwa nakwenda alhamisi mchana, maana desturi ya vyuo vya kule ni kuacha alhamisi alasiri wazi kwa michezo na mashindano ya wanafunzi.

Mnamo Novemba jua linazama kama saa 11 jioni, na kufikia mwezi wa kumi na mbili hata kabla ya hapo. Mtu wa Lubumbashi aliyezoea saa 12 mwaka mzima anashikwa na huzuni asiyoijua jina. Mwaka wa pili, nilipopata nafasi ya badminton, jumanne na ijumaa ndizo zilizonishika. Mwenzangu wa kucheza alitoka Vietnam, Kifaransa chetu wote wawili kilikuwa kigumu mwanzoni, tukaelewana kwa kuhesabu pointi.

Maisha mengine niyapitie haraka. Chumba cha CROUS, idara ya serikali ya mabweni na migahawa ya wanafunzi, kilinigharimu kama euro 260 kwa mwezi, na msaada wa kodi ya nyumba wa CAF, mfuko wa familia wa kule, ukapunguza. Chakula kwenye mgahawa wa wanafunzi kilikuwa euro 3.30 kwa sahani kamili. Mgeni anaruhusiwa kufanya kazi masaa 964 kwa mwaka. Mimi nilipanga bidhaa dukani alfajiri. Nguo za baridi, nunueni za mitumba kule kule.

Msifikiri ni Ufaransa tu. Binamu yangu yuko Pretoria, na kituo cha michezo cha chuo kikuu cha kule ndicho kilichowapokea Argentina ya Maradona na Messi wakati wa Kombe la Dunia 2010, mwaka ule ule ambao Mazembe yetu ya Lubumbashi ilicheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter ya Italia. Rafiki yangu mwingine yuko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, ambako kuna Blocry, kituo kikubwa cha michezo kinachoshirikisha chuo na mji. Anayekwenda Ujerumani, mwaka ule niliosafiri mimi, alitakiwa kufungia euro 11,208 benki kabla ya viza. Kila nchi ina mlango wake na bei yake, ila swali la michezo ulizeni kote, pamoja na chumba na minervali.

Kwa mizani yangu, pisini na walimu wake nawapa alama zote. Kumbi, karibu zote. Namna ya kujiandikisha, nusu.

Mdogo wangu akipata viza, atasafiri mwezi wa nane, si wa tisa. Kadi kwanza, halafu siku ya nafasi kufunguliwa awe mbele ya mashine saa 2 kasoro dakika tano, chaguo la kwanza kuogelea. Ameandika hivyo kwenye daftari lake, chini ya hesabu ya AVI.