Nyota nne kwa steshenari isiyo na kibao, Ngamiani

Duka lenyewe liko Barabara ya 12, hapa Tanga. Usitafute jina, halina. Mlangoni kimetundikwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa maka peni: KOPI, SKANI, AJIRA, MKOPO WA CHUO, PASIPOTI SAIZI. Nilifika Jumanne kwa baiskeli, mkobani nina pasipoti ya zamani ya mpwa wangu na cheti chake cha kuzaliwa, roho iko juu.

Mpwa wangu yuko Columbus, Ohio, kule Marekani. Alishinda bahati nasibu ya viza, akaondoka Tanga mwaka 2015. Miaka yote hiyo anapakia mizigo ghalani. Safari hii akaomba kusomeshwa udereva wa malori makubwa kwa fedha za serikali, chini ya sheria yao ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2014. Akaulizwa kama alijiandikisha jeshini. Akanipigia usiku: "Mjomba, mimi jeshi nalijulia wapi?"

Kumbe kule mwanamume mwenye miaka 18 hadi 25, awe raia au mhamiaji mkaazi, sharti jina lake liwe kwenye daftari la wanaoweza kuitwa vitani. Wanawake hawamo. Hakuna aliyelazimishwa kuingia jeshini tangu 1973, ila daftari lipo, na aliyelikwepa kwa makusudi anaweza kunyimwa mafunzo hayo. Nilicheka kidogo. Mimi nililima JKT Maramba mwaka 1988, malengelenge mikononi. Wao jina tu linawatoa jasho.

Lakini aliyeingia Marekani kwa mara ya kwanza akiwa ameshatimiza miaka 26 hadaiwi kitu. Athibitishe tu. Huyu wetu kazaliwa Machi 1989, kaingia Juni 2015: miezi mitatu ndiyo iliyomnusuru. Ushahidi ni muhuri wa kuingia, nao umo kwenye pasipoti ya zamani, ambayo aliiacha kwenye sanduku la mama yake Chumbageni alipokuja 2019 kuchukua ile ya kielektroniki.

Nilianzia duka jingine, la mjini, silitaji. Kijana aliposikia "jeshi la Marekani" akaniambia kwa elfu kumi anamsajili hapo hapo. Amsajili vipi, mtu ana miaka 36, na ukishafika 26 wenyewe hawakupokei tena? Nilipokataa akapiga picha kurasa kwa simu yake, akanitoza elfu tatu. Muhuri ukatoka kama doa la chai. Columbus wakairudisha.

Sasa huyu dada wa Ngamiani. Alipokea pasipoti akaniuliza, "Shikamoo baba. Unataka kurasa zote, au kuna kitu unakitafuta humu?" Hilo swali ndilo lililonifanya niandike haya. Nikamweleza. Akafunua taratibu hadi kwenye viza, akaweka kidole kwenye tarehe: "Ni hii, siyo?" Akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akailaza pasipoti, akaigandamiza na kitabu cha risiti ili ukurasa usinyanyuke. Skani ya kwanza akaitupa mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Ya pili niliisoma bila miwani.

Nikadhani tumemaliza. Akakishika cheti cha kuzaliwa akakunja uso. "Baba, hapa ni Athumani, kwenye pasipoti ni Othman. Hawatauliza?" Kwetu hayo ni majina mawili ya mtu mmoja, nani Tanga hajui, lakini mzungu wa Ohio ataambiwa na nani? Akanielekeza kwa wakili nikaape kwamba ni mtu yule yule. Elfu ishirini ambayo sikuipangia. Mpaka leo hakuna aliyekiulizia hicho kiapo, ila usiku ule nililala.

Bei: skani shilingi 500 ukurasa, kurasa nne, na 500 ya kutuma kwa barua pepe. Umeme ulikatika katikati na hana jenereta. Nilikaa nje kwenye benchi dakika arobaini nikisikiliza redio ya jirani. Sikuwa na haraka: ofisi ya kule hufungwa saa kumi na moja jioni, na kwetu hapo ni saa sita usiku.

Nyota moja naibana, na sababu yake si ndogo. Alipofungua kompyuta niliona vyeti vya watu, vitambulisho vya NIDA, hata hati ya kiwanja, vyote vimetapakaa kwenye skrini, anayepita dirishani anasoma. Nikamwambia ya kwetu aifute, na kwenye kapu la taka la kompyuta pia. Alifuta mbele yangu bila kununa. Sasa asiyejua kusema je?

Mpwa wangu kaitwa wiki iliyofuata, darasa anaanza mwezi ujao. Kanitumia picha ya fomu, kwenye kile kipengele cha jeshi pameandikwa kwamba hahusiki.

Ukienda, beba flashi yako, na uwahi kabla ya saa nne, maana wanafunzi wa mikopo wakishajaa hutapata pa kukaa. Ijumaa anafunga saa sita, anarudi baada ya swala.