Hei ya marobota: Rhodes, lusini na majani ya ngano vikipandishwa kwenye mzani

Mnunuzi wa hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo, huanza kupoteza fedha pale anapouliza "robota bei gani?" kabla ya kuuliza "robota kilo ngapi?" Robota si kipimo. Lile la kufungwa kwa mkono katika sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 hubeba kilo 20 hivi likikanyagwa sawasawa. Sanduku hilohilo likijazwa kivivu hutoa kilo 12 au 13, na juu ya lori huwezi kuyatofautisha. Ya mashine ndogo nayo hayana afadhali sana, kwa kuwa aliye kwenye trekta anaweza kulegeza mgandamizo na kufupisha urefu apendavyo. Kwa hiyo tathmini yoyote ya hei ianze na mzani wa kuning'iniza. Pima marobota kumi: matatu ya juu, manne ya katikati, matatu ya chini, na uyachague wewe, si muuzaji. Gawanya jumla kwa kumi, kisha gawanya bei ya robota kwa wastani huo. Bei unayoipata hapo ndiyo ya kulinganisha na ya muuzaji mwingine.

Bado kuna maji. Hei iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Robota la kilo 20 lenye unyevu wa asilimia 12 lina kilo 17.6 za uzito mkavu. Likiwa na asilimia 25 lina kilo 15 tu. Umelipia maji kilo mbili na nusu kwa kila robota, na maji hayo ndiyo yatakayokuozeshea hizo nyingine. Kipimo cha bei rahisi ni chumvi: kata nyasi za katikati ya robota vipande vifupi, tia konzi moja katika chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu ya mezani, tikisa kwa dakika mbili au tatu. Chumvi ikibaki inatiririka, hei iko chini ya asilimia 15 au karibu na hapo. Ikishikana mabonge au kuganda ukutani mwa chupa, bado mbichi. Kusokota nyasi mkononi nako kunasaidia, ila huwadanganya wengi, kwa sababu jani hukauka mapema huku fundo la shina likiwa bado limeshika maji. Pasua fundo kwa ukucha. Likitoa utomvu, mwache muuzaji na mali yake.

Sasa bidhaa zenyewe.

Rhodes, nyasi ya malisho inayopandwa, ndiyo hei ya kila siku, na ikivunwa kwa wakati inastahili sifa inayopewa. Ikikatwa masuke yanapoanza kuchomoza huwa na protini ya asilimia 9 hadi 11 hivi ya uzito mkavu, shina jembamba na majani mengi. Shida ni kwamba sokoni kuna Rhodes mbili zenye jina moja. Ya pili imeachwa ikomae, imevunwa mbegu kwanza, kisha mabaki yake yakafungwa marobota. Protini yake hushuka hadi asilimia 4 au 5, na hapo ni majani makavu tu yenye jina zuri. Utaitambua kwa masuke matupu yaliyokwisha pukutika, shina la manjano linalokatika kwa mlio, na majani yaliyobaki chini ya robota kama unga. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 angalau ili vifanye kazi; chini ya hapo usagaji hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu na ng'ombe hali tena ingawa hori imejaa. Mfugaji hudhani ng'ombe anachagua, kumbe ameshiba vijiti.

Rangi isikutishe upesi wala isikuvutie upesi. Upande wa nje uliopauka kwa jua hauna maana kubwa. Kata kamba, fungua katikati. Kijani kilichofifia chenye harufu ya majani makavu ni sawa. Kahawia yenye harufu ya tumbaku au sukari iliyoungua maana yake hei ilipata joto ghalani. Ng'ombe huipenda mno, na wauzaji hulitumia hilo kama ushahidi wa ubora, ila sehemu ya protini yake imeshikamana na nyuzinyuzi kwa joto na itatoka kwenye samadi. Vumbi jeupe linalopaa robota linapofunguliwa ni kuvu, na hapo hakuna cha kujadili: vumbi hilo huharibu mapafu ya anayelisha, na ng'ombe mwenye mimba hafai kulishwa hei hiyo kabisa.

Lusini, mmea wa malisho wa jamii ya kunde ambao wengine huuita alfalfa, ni bidhaa ya daraja jingine: protini asilimia 16 hadi 20 ikivunwa mwanzo wa kuchanua, na nyuzinyuzi zake ni chache kiasi cha kumwezesha ng'ombe kula nyingi zaidi. Lakini ni hei inayoharibiwa kirahisi kuliko zote. Sehemu kubwa ya protini iko kwenye majani, na majani hukauka na kupukutika kabla shina halijakauka. Aliyeigeuza shambani saa saba mchana ameacha mali yake ardhini. Inatakiwa kugeuzwa na kufungwa asubuhi, umande ukiwa umelainisha majani. Fungua robota juu ya turubai. Ukiona vijiti upande mmoja na unga wa kijani chini yake, unga huo ndio lusini uliyoilipia, na ng'ombe hataufikia kwenye hori ya mbao yenye nyufa. Ina kasoro moja isiyotajwa na muuzaji: madini ya chokaa na potasiamu ni mengi, hivyo si hei ya ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachishwa kukamuliwa, anayekaribia kuzaa. Hapo inamweka kwenye hatari ya homa ya maziwa, ugonjwa unaomwangusha ng'ombe akishazaa. Mwekee anayekamuliwa.

Kuhusu bei yake, usishtuke ikiwa mara mbili ya Rhodes. Robota la kilo 15 la Rhodes nzuri hutoa protini kilo 1.2, la lusini la uzito huohuo hutoa kilo 2.4. Kwa protini, mara mbili ni haki. Kwa nishati si hivyo, maana lusini inaizidi Rhodes kwa karibu sehemu moja ya kumi tu. Kama kinachopungua kwenye chakula cha ng'ombe wako ni nguvu, lusini ni njia ghali ya kuitafuta. Pumba au nafaka itakugharimu kidogo. Na kabla ya kuinunua kwa ajili ya protini, linganisha kilo ya protini yake na kilo ya protini ya mashudu ya pamba au alizeti. Mara nyingi mashudu hushinda, isipokuwa mahali ambapo lusini inalimwa karibu.

Majani ya ngano huuzwa kama hei, na si hei. Protini asilimia 3 hadi 4, nyuzinyuzi karibu asilimia 80. Ng'ombe wa kilo 400 akilishwa haya peke yake hujaza tumbo kwa kilo sita hivi za uzito mkavu na kuanza kukonda. Robota la kilo 15 lina protini isiyofika nusu kilo, yaani chini ya nusu ya Rhodes, na bei yake isipite hapo. Kwa matandiko hayana mpinzani. Kwa kulisha, yatengenezwe kwanza: kilo 4 za mbolea ya urea katika lita 50 za maji kwa kila kilo 100 za majani, nyunyiza tabaka kwa tabaka, kanyaga, funika kwa plastiki isiyopitisha hewa kwa wiki tatu, kisha acha wazi siku nzima harufu kali ipungue kabla ya kulisha. Plastiki ikitoboka, hewa ya amonia hutoka na unabaki na majani mabichi yenye kuvu. Ndama wadogo wasipewe. Na ndoo ya maji ya urea isiachwe ng'ombe anapoweza kuifikia hata dakika moja, akiinywa anakufa.

Mabua ya mahindi yako katikati ya ngano na Rhodes ya pili. Nunua yaliyokatwakatwa tu, la sivyo nusu itabaki horini. Mtama uliokaushwa baada ya kuungua kwa ukame uangaliwe sana: sumu ya sianidi hupungua ukikauka, ila nitrati, sumu yake nyingine, haipungui.

Msimu ndio unaopanga bei kuliko ubora. Baada ya mavuno ya mvua hei ni nyingi na muuzaji anataka kuiondoa shambani. Mwisho wa kiangazi hata majani ya ngano huuzwa kwa bei ya Rhodes. Kununua mapema kunalipa ikiwa tu una paa. Panga juu ya magogo au mbao, usiweke sakafuni, acha upenyo ukutani na chini ya bati. Marobota makubwa ya mviringo yanayoachwa nje hudanganya macho: lenye kipenyo cha mita 1.5 likioza sentimita 15 tu za nje, zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake imekwenda.

Wiki za kwanza ghalani angalia joto. Chomeka nondo katikati ya lundo, iache robo saa, ivute, ishike. Nyuzi 50 za Selsiasi si tatizo. Kwenye 65 kagua kila baada ya saa chache na usiongeze kitu juu yake. Ikikaribia 80, usianze kupangua lundo mwenyewe, kwa sababu hewa mpya ndiyo huwasha moto. Ita wazima moto kwanza.

Kwa wingi: ng'ombe wa kilo 400 anayepewa chakula cha ziada kilo 4 atahitaji hei kilo 10 kwa siku, pamoja na ile atakayoisaza. Siku 90 za kiangazi ni kilo 900. Hayo ni marobota 45 ya kilo 20, au 70 ya kilo 13. Aliyenunua 45 bila kupima ataishiwa katika siku ya 58, wakati ambao bei iko juu kuliko siku zote. Muuzaji anayekubali kuuza kwa kilo, na kupokea tena robota lenye kuvu likifunguliwa ndani ya wiki mbili, anastahili kulipwa zaidi kidogo. Anayekataa mzani, mteremshie bei kama vile kila robota lake lina kilo 13.