Nasubiri Mechi Mbele Yenu: Kwa Nini Tunanunua Gemu za Mtandaoni Bila Kuchunguza?

Haya, karibuni tena jamani. Kabla sijasema lolote, tazameni kona ya juu kulia ya skrini. Mnaiona hiyo saa? Sasa nabonyeza "Tafuta mechi". Nimebonyeza. Imeanza kuhesabu, na sitaikata wala kuiharakisha. Video nzima itakwenda na saa hiyo, na mkiona nimenyamaza ghafla, mjue mechi imepatikana.

Jina la gemu nimelifunika kwa makusudi. Ninachotaka kuwaonyesha kipo kwenye gemu nyingi za aina hii, na sitaki maoni yote yawe ugomvi kuhusu gemu moja. Ni ya risasi, watano kwa watano, mtandaoni tu. Picha, sauti, ramani, idadi ya silaha, hayo mmeyaona kwenye trela, ile video fupi ya kuitangaza gemu, kama nilivyoyaona mimi, napita. Niseme moja tu: bunduki zake ni tamu. Ukifyatua, unausikia uzito mkononi, padi ya kuchezea inatetemeka tofauti kwa kila silaha, na mdundo wa risasi ya mwisho kwenye magazini unabadilika kidogo kukuonya. Aliyetengeneza kitu hicho anaipenda kazi yake.

Sekunde ya 55. Tunaendelea.

Niliinunuaje? Ijumaa usiku rafiki yangu alituma trela kwenye grupu letu. Wa pili akaandika "nipo". Wa tatu akaandika "nimeshalipa". Nikalipa. Sikusoma chochote. Tukacheza jioni mbili, tukacheka sana, kisha wenzangu wakarudi kwenye gemu yetu ya siku zote, mimi nikabaki hapa na saa hii.

Kwenye video iliyopita wengi wenu mliandika kwamba anayenunua bila kuchunguza ni mvivu, akilia tumwache alie. Nimelifikiria hilo wiki nzima na sikubali. Mtu anayenunua gemu ya kucheza peke yake, sawa, asubiri mwezi, asubiri mwaka, gemu itamkuta palepale ilipo na pengine imepunguzwa bei. Ya mtandaoni haisubiri. Wiki ya kwanza kila mtu ni mgeni, hakuna anayejua kona za ramani, unakufa kijinga na aliyekuua naye anakufa kijinga baada yako. Hiyo ndiyo raha yenyewe! Njoo mwezi wa pili, wageni wameshaondoka, wamebaki waliokariri kila dirisha. Kwa hiyo unayemwambia "subiri uchunguze" unamwambia pia akose siku bora kuliko zote. Watu wanalijua hilo hata kama hawalisemi, ndiyo maana vidole vinakuwa vyepesi.

Na wauzaji wanalijua zaidi yetu. Ndiyo maana kuna toleo la bei ya juu linalokuruhusu kuingia siku kadhaa kabla ya wengine, na kuna mavazi ya mhusika ambayo utayapata ukiagiza mapema tu. Mavazi! Mtu analipa kabla mchambuzi yeyote hajagusa seva, yaani zile kompyuta za mbali zinazowaunganisha wachezaji.

Dakika ya 2 na nusu. Bado.

Hapo kwa wachambuzi niseme, maana na mimi nimo. Gemu ya hadithi mchambuzi anapewa mapema, anaimaliza, anakuambia. Gemu ya mtandaoni kabla ya kutoka seva zake hazina watu. Waliomo ni wachambuzi wenyewe, mara nyingine kwa saa zilizopangwa. Unachambua nini hapo? Umeiona ngoma kabla wachezaji hawajafika uwanjani. Kwa hiyo nikiona chaneli kubwa zinaandika "uchambuzi kamili" siku ya kwanza, nakereka. Semeni mmeona ramani na bunduki, basi. Chaneli hii kuanzia sasa gemu yoyote ya mtandaoni nitaichambua mara mbili, wiki ya kwanza na wiki ya sita, na video ya pili haitafutwa hata ikipata watazamaji wachache.

Sasa chukueni mwaka 2024. Februari 8 ikatoka Helldivers 2. Agosti 23 ikatoka Concord. Zote mbili mchapishaji ni Sony, zote za risasi, zote dola 40. Ya kwanza iliuza nakala milioni 12 ndani ya wiki 12. Ya pili ilizimwa Septemba 6, wiki mbili tu tangu itoke, na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Ukitazama trela zao, utajuaje ipi itazikwa? Picha za Concord zilikuwa safi, na waliocheza wengi waliisifu kwa jinsi risasi zake zinavyopigika. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtu yeyote angeweza kukiona bila kulipa hata senti: idadi ya watu. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, tangu itoke mpaka izimwe haikuwahi kufikisha wachezaji 700 kwa wakati mmoja. Namba hiyo ilikuwa wazi.

Na hapo ndipo nilipo mimi na video hii. Tunapochunguza, tunachunguza gemu. Tunauliza picha zikoje, ina ramani ngapi, itaendeshwa na kompyuta yangu? Wakati unachonunua ni watu tisa wa kucheza nao kila ukibonyeza kitufe hiki. Hao ndio bidhaa.

Mwaka 2023 kulikuwa na The Day Before, moja ya gemu zilizowekwa na watu wengi kwenye orodha ya matamanio pale Steam. Ilitoka Desemba 7. Desemba 11 studio ikatangaza inafunga. Januari 22, 2024 seva zikazimwa. Waliokuwa wanaisubiri walichunguza kwa miaka! Walikuwa wanaichunguza trela.

Dakika ya 5 na sekunde 20. Tazameni hapa chini sasa, hiki ndicho kilichonifanya niwashe kamera. Pale mwanzo paliandikwa "inatafuta katika eneo lako". Sasa panasomeka "inapanua utafutaji". Nisogeze karibu. Mnaona? Mfumo umekata tamaa na seva za karibu.

Nieleze kinachotokea, kwa hesabu ya mfano. Tuseme gemu ina watu 900 walioingia sasa hivi. Unasikia 900, unasema wanatosha, mechi si inataka kumi tu? Wagawe kwa maeneo matatu ya seva: 300. Eneo lako lina aina nne za mechi: 75. Hao 75 wengi wao wako katikati ya mechi sasa hivi, hawasubiri. Waliobaki, mfumo unataka wa kiwango chako. Umebaki na wangapi? Unaweza kubaki peke yako ndani ya gemu yenye watu 900. Halafu studio inaongeza aina mpya ya mechi ili kuwafurahisha wachezaji, na kila aina mpya inawatawanya zaidi. Nilikuwa silijui hili mpaka nilipoketi na kalamu.

Dakika ya 7. Amepatikana mmoja... wawili. Ameondoka mmoja. Hiyo nayo, mtu anachoka kusubiri anatoka, anayebaki anasubiri zaidi, naye anatoka.

Na ukipanua utafutaji unalipa kwa pingi, yaani muda, kwa milisekunde, ambao ujumbe unatumia kwenda kwenye seva na kurudi. Kwenye seva ya karibu napata 38. Huko tunakopelekwa jana ilikuwa zaidi ya 200. Milisekunde 200 ni sehemu ya tano ya sekunde. Skrini inayochora picha 60 kwa sekunde, hizo ni picha 12. Unajificha nyuma ya ukuta, umeshafika, unajiona umefika, unakufa, kwa sababu kwa seva bado uko nje. Ile bunduki tamu niliyoisifu haina kazi hapo, inapiga mahali adui alipokuwa.

Turudi kwenye bei, maana wengi mnaniuliza. Bei ya dukani si bei yote. Kwenye PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, tangu toleo la PS4 mwaka 2013, gemu za kulipia ukitaka kuzicheza mtandaoni unahitaji PlayStation Plus, usajili unaoulipia kando. Gemu za bure hazidai hivyo. Kwenye Steam, kabla ya kulipa, shukeni kwenye kisanduku kidogo cha upande wa kulia, kitawaambia kama kuna manunuzi ndani ya gemu, na kama unatakiwa kufungua akaunti ya kampuni nyingine. Hili si dogo. Mei 2024 Helldivers 2 hiyohiyo niliyoitaja ilitaka wachezaji wa kompyuta waunganishe akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation wa Sony, na kuna nchi nyingi ambako PSN haipo. Watu wakaja juu mpaka Sony wakaliondoa sharti.

Halafu maoni ya wanunuzi. Usisome "maoni yote", soma "ya hivi karibuni", na kila maoni yanaonyesha mwandishi amecheza saa ngapi. Tafuta mtu mwenye saa 80 aliyeandika juzi. Huyo anajua saa hii ya juu inafika dakika ngapi. Mimi ningemsoma mmoja tu wa namna hiyo Ijumaa, ningewaandikia wenzangu kwenye grupu, "tununue leo tukicheza wote wiki hii, la sivyo tuache." Pengine bado tungenunua. Jioni zile mbili sizijutii, nasema wazi.

Subiri. Subirini... Imepatikana! Dakika ya 10 na sekunde 48. Tunaingia. Pingi: 214. Tuko... wanne. Wao watano. Na huyu wa juu kwenye orodha yao nilikutana naye jana mara tatu, na huyu pia. Mchezaji mwenzetu ametoka. Watatu.

Nafunga.

Sasa njooni huku kwenye maktaba yangu ya gemu pale Steam, hiki ndicho kitu cha mwisho. Steam inakubali kurudisha pesa ndani ya siku 14 ikiwa umecheza chini ya saa 2. Saa hizo zinahesabiwa tangu gemu inawaka, haijali kama unapiga risasi au unatazama duara linazunguka. Na tangu Aprili 2024, hata muda wa kuingia mapema kwa toleo la bei ya juu unahesabiwa. Nilipowasha kamera nilikuwa na saa 1 na dakika 34. Someni hapa: saa 1 na dakika 47. Dakika 13 za leo, na sijafyatua hata risasi moja.

Zimebaki 13 nyingine, ambazo zinatosha kusubiri mechi moja. Nabonyeza "omba kurudishiwa pesa". Wanauliza sababu. Naandika: "Siwapati watu."