Dalali mwenye daftari: nyota moja (nimebadilisha, soma hadi chini)

Mnaotafuta nyumba Tabata, huyu kaka mtaletewa sifa zake na kila mtu. Mimi nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Elfu kumi ya kuonyeshwa, na ukipata anakula kodi ya mwezi mmoja. Hayo hayana jipya.

Nyumba niliipenda. Mama mwenye nyumba alinikaribisha, akanivutia kiti, akanipa kalamu nisaini mkataba wa miezi sita. Kalamu ikiwa juu ya karatasi ndipo akauliza, "Na wewe mwanangu unasali wapi?"

Nikamwambia mimi Muislamu. Akasema aah. Kisha akakumbuka eti kuna mtu alishaitangulizia hela ile nyumba. Na kalamu yake akaichukua, jamani! Kalamu!

Nje namwuliza dalali, naye bila aibu ananifungulia daftari. Pembeni ya nyumba ile kaandika "WK tu", yaani Wakristo tu. "Dada, jina lako Rehema, sura haisemi, nikajua wewe mwenzao." Kurasa za Magomeni nazo zina yake: "Waislamu tu", "hataki kitimoto". Nyumba moja kaandika "Wachaga hapana". Yaani mtu anatunza ubaguzi wa jiji zima kwa peni ya bluu, na anakutoza kiingilio!

Nilitaka kushtaki. Kijana mmoja anayesoma sheria akanipoza: ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 imeitaja dini kabisa, ila katazo lenyewe linambana anayetekeleza madaraka ya kisheria. Mama wa Tabata madaraka yake yanaishia getini.

Na nisijifanye malaika. Marehemu baba alipangisha vyumba vya uani Temeke, na swali lake lilikuwa hilohilo, tena kabla hajajibu hodi. Sisi watoto tuliona kawaida.

Basi, wiki kama mbili hivi baadaye dalali kanipigia mwenyewe. Kapata nyumba, mzee hana swali, yeye ni hela tu. Ndiko ninakoandikia haya. Jirani wa mlango wa pili ni mwanakwaya, anafanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri, na mimi muda huo nimeshaamka kuswali, hatusumbuani.

Kwa hiyo nampandisha, nyota tatu. Ila elfu kumi yangu ya Tabata mpaka leo hajarudisha, na alijua. Mbili.