Hewa, bolti, vibati au ferite? Nimepima viini vya koili ya jenereta vikiwa na mzigo

Habari zenu, karibuni tena mezani. Leo koili ni moja tu, hii hapa, na nitaitia tumboni vitu vitano kwa zamu: hewa, bolti, vibati (yale mabati membamba ya ndani ya transfoma), ferite (inafanana na kigae ila inavutwa na sumaku), na kifungu cha waya laini wa kufungia nondo. Najua kuna atakayesema hewa si kitu. Subiri, tutafika.

Mtambo wenyewe ni huu. Koili ina mizunguko 500 ya waya wa shaba wa milimita 0.8, ukinzani wake omu 1.56. Kiini kinachoingia kina kipenyo cha milimita 19 na urefu wa milimita 60. Mbele yake kuna rota yenye sumaku 8 za neodimiamu, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, mpaka mwisho. Mota inaizungusha mara 1500 kwa dakika. Yaani mara 25 kwa sekunde, zidisha kwa jozi 4 za ncha, unapata hezi 100. Ishikeni hiyo 100, tutaihitaji.

Na pembeni hapa kuna mita ambayo wengi hawaiweki: inapima umeme unaoingia kwenye mota. Bila hiyo, haya yote ni mchezo tu.

Kabla sijawasha, naizungusha rota kwa kidole. Tundu likiwa tupu inateleza yenyewe. Naingiza bolti... sikilizeni. Ta, ta, ta, ta. Kila sumaku inaing'ang'ania bolti, haitaki kupita. Kwenye vibati ni hivyo hivyo, kwenye ferite pia. Watu wanakuogopa sana huku kukwama, lakini mota ikishashika kasi hakuli nguvu nyingi: sumaku inavutwa ikija, inazuiwa ikiondoka, zinakatana. Kero yake ni mtetemo, na kama unatengeneza ya upepo, shida ni kuanza kuzunguka upepo ukiwa mdogo.

Haya, nawasha. Koili haijaunganishwa na chochote. Hewa: volti 4. Vibati: volti 12. Mara tatu, na sumaku ni zile zile. Hapo ndipo wengi huzima kamera na kutangaza mshindi.

Sasa bolti. Volti zinapanda vizuri tu, ila iangalieni ile mita ya mota. Imepanda sana, na sijachomeka hata balbu! Nguvu inakwenda wapi? Inakwenda kwenye bolti yenyewe. Chuma nacho ni kondakta, na usumaku unaobadilika ukipita ndani yake unazalisha mikondo inayozunguka humo humo, haina pa kutokea, inageuka joto. Kwa hezi 100 tena, mikondo hiyo inausukuma usumaku nje, kwa hiyo kwenye chuma cha kawaida unaotumika ni ule wa ganda la juu, kama milimita moja hivi. Kwa hiyo katika milimita 19 zote hizo, sehemu kubwa ya katikati imekaa bure. Nimeiacha dakika chache, nikaigusa kichwa. Sikurudia.

Vibati ndiyo dawa ya ugonjwa huo. Ni chuma chenye silikoni karibu asilimia 3, na silikoni imewekwa humo ili kuongeza ukinzani. Kila kibati kina unene wa nusu milimita na ngozi ya kuhami. Ukipunguza unene kwa nusu, hasara ya mikondo hiyo inashuka hadi robo, kwa sababu inafuata mraba wa unene. Lakini nikiri jambo. Mara ya kwanza nilivikata kwa grinda, nikavifunga haraka haraka, na vikapata moto karibu kama bolti. Nikakaa nalaumu transfoma niliyovitoa. Kumbe pembeni grinda ilikuwa imeacha vijinyoya vya chuma vinavyounganisha kibati na kibati, nimejitengenezea bolti kwa njia ndefu. Nikapiga tupa kingo zote, nikapaka vanishi, nikafunga upya. Vikatulia. Na kama utavibana kwa skrubu inayopita katikati, ivalishe mpira wa kuhami, la sivyo utarudi pale pale. Jambo jingine: kingo za vibati zitazame sumaku, usumaku upite kwa urefu wa kibati. Ukivilaza bapa mbele ya sumaku, umeharibu kila kitu.

Waya wa kufungia nondo: nafuu ya bolti kwa mbali, chini ya vibati, kwa sababu waya ni wa duara na kati ya waya na waya kuna nafasi tupu. Upakwe vanishi kabla ya kufungwa. Kuna wanaotumia fimbo za kuchomelea zile zenye rangi ya shaba. Hiyo shaba ya juu inagusana na kupitisha umeme, ikwanguliwe kwanza.

Ferite. Hii ni kama kikombe cha udongo, na inavunjika kama kikombe. Ya kwanza iliniponyoka ikavutwa na sumaku, ikakatika vipande viwili. Uzuri wake ni kwamba haipitishi umeme kirahisi, hivyo kwa hezi 100 haipati joto la kutaja. Ubaya ni kwamba inashiba mapema. Chuma cha silikoni kinabeba usumaku mpaka karibu tesla 2 (tesla ni kipimo cha msongamano wa usumaku). Ferite inaishia 0.4 hadi 0.5, na ikipata moto inapungua zaidi. Tazameni osiloskopu, hiki kinachochora wimbi la volti: wimbi lina kilele chembamba, halafu linazubaa karibu na sifuri. Ile ncha inayotazamana na sumaku imeshiba. Usumaku ukishindwa kuongezeka, volti zinatoka wapi? Nikaisogeza rota nyuma milimita chache, wimbi likapata umbo, volti zikashuka.

Na kama umeona ferite ya daraja la 2000 na ya 5000, yaani wepesi wa kupitisha usumaku ukilinganisha na hewa, usihangaike na ile ya 5000. Kiini kifupi kama hiki, kilicho wazi pande zote mbili, kinatawaliwa na umbo lake. Usumaku unalazimika kurudi kupitia hewa, na hiyo hewa ndiyo kizuizi, kiini kiwe kizuri namna gani.

Sasa mzigo. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Nikipima koili ikiwa tupu, induktansi, yaani tabia ya koili kupinga mkondo unaobadilika, ni milihenri 2.4. Na vibati, karibu 10. Zirudishe zile hezi 100: koili tupu inajizuia yenyewe kwa omu 1.5, yenye vibati inajizuia kwa omu 6.3. Ukiunganisha ncha mbili za koili moja kwa moja, hewa yenye volti 4 inatoa ampia 1.85. Vibati vyenye volti 12? Ampia 1.85. Sijakosea kusoma. Volti zimepanda mara tatu, na kizuizi cha jumla, yaani huko kujizuia pamoja na ule ukinzani wa omu 1.56 (havijumlishwi moja kwa moja), nacho kimepanda mara tatu: kutoka kama omu 2.2 hadi 6.5.

Tuweke mzigo wa kweli, rezista ya omu 5. Hewa inashuka kutoka 4 hadi karibu 3, kama wati 1.8. Vibati vinaanguka kutoka 12 hadi 6.6, ila ni wati 8.7. Kwa hiyo vibati vinashinda kwa nguvu, hewa inashinda kwa kutoyumba, na ile 12 ya mwanzo hukuwahi kuipata. Ukitaka kuikaribia, weka kapasita mfululizo na koili, kama maikrofaradi 250, isiyo na chanya wala hasi. Inafuta kule koili kujizuia, mkondo unafika ampia 1.83, wati karibu 17. Na mota? Mita yake inapanda sawia, hakuna cha bure hapo.

Nimalizie na swali mnalolileta kila mara: "Fundi, nimeunganisha ncha za koili, rota ikaongeza kasi! Sheria ya Lenz imeshindwa?" Nimeirudia hapa nikitumia bolti. Koili haijaunganishwa, naangalia kasi. Naunganisha ncha... kweli, kasi imepanda. Sikatai.

Lakini Lenz wa mwaka 1834, aliyesema mkondo unaozalishwa hupinga badiliko lililouzalisha, yupo palepale kazini. Mkondo wa koili unaupinga usumaku unaoingia kwenye bolti, usumaku ukipungua, ile mikondo ya joto inapungua, na mota inapata nafuu. Koili yenyewe, kwa kuwa mkondo wake umechelewa sana nyuma ya volti, inachukua nguvu kidogo. Nafuu imezidi gharama. Umepunguza hasara uliyoiweka mwenyewe.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Natenganisha ncha, nashika koleo, nachomoa bolti yote. Angalieni mita ya kasi: imepita ile "ajabu" ya mwanzo, na mota inakula kidogo kuliko wakati wowote leo. Naiweka bolti hapa juu ya kigae, bado haishikiki kwa mkono.