Jedwali la Kuweka Zote au Kutupa Karata: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja wa Korosho

Mwezi Oktoba, minada ya korosho ilipoanza, nilipakua mtandaoni jedwali linalotumiwa na wachezaji wa mashindano ya poka (mchezo wa karata wa kuwekeana madau kwa chipu) kuamua waweke chipu zote au watupe karata, nikalichapisha kwa rangi katika duka la steshenari hapa Mtwara, eneo la Chikongola, na kulilamineti, vyote kwa shilingi 3,000. Tangu hapo limekuwa nami kila Jumamosi usiku barazani kwa rafiki yangu, Shangani, ambako hatuchezi kwa fedha: mwenyeji hutoa korosho zilizobanguliwa, kilo tano kwa mshindi wa kwanza, mbili kwa wa pili na moja kwa wa tatu.

Jedwali lina vyumba 169, yaani 13 kwa 13, kimoja kwa kila aina ya mkono wa karata mbili, na jozi zimepangwa mshazari katikati. Namba iliyomo ndani ya chumba hutaja kiwango cha juu cha chipu unachoweza kuwa nacho na bado ukaweka zote, kikihesabiwa kwa blaindi kubwa (lililo kubwa kati ya madau mawili ya lazima yanayotangulia kila mkono), pale ambapo wengine wote wametupa na mmebaki wewe wa blaindi ndogo na jirani yako wa blaindi kubwa. Nyuma ya karatasi zipo namba za yule anayeamua kuitikia, yaani kulipa dau la aliyeweka zote, au kutupa. Hesabu zake zinafuata wazo la mlingano, yaani hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kwa kubadili mbinu yake peke yake, la John Nash, mwanahisabati wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994.

Faida yake niliiona mapema. Nilikuwa na tabia ya kusubiri karata nzuri huku chipu zikiliwa na madau ya lazima, ilhali jozi ya ree huja mara moja tu katika mikono 221. Jedwali likaniambia kwamba nikiwa na blaindi kumi niweke zote kwa zaidi ya nusu ya mikono: jozi yoyote, ree yoyote, hata kingi na mbili. Mwanzoni nilidhani ni kosa la uchapaji. Lakini anayeweka zote ana njia mbili za kushinda, ama mwenzake atupe ama karata zimpendelee, wakati anayeitikia anayo moja tu, na ndiyo maana namba za nyuma ni za kibahili zaidi. Blaindi zikiwa 250 na 500, jirani akitupa unazoa 750 bila kuonyesha karata yoyote.

Kasoro yake ilinigharimu Jumamosi moja ya Desemba. Tulibaki wanne, na mmoja wetu alikuwa na chipu za blaindi moja tu. Mimi nilikuwa na nane, katika blaindi kubwa, nimeshika ree na tano. Jirani mwenye chipu nyingi kunizidi akaweka zote. Jedwali lilisema niitikie, nikaitikia, naye akafunua kingi na tisa, hivyo nilikuwa mbele yake hadi karata ya mwisho ya mezani ilipotoka tisa na kumpa jozi. Nikatoka wa nne mikono mitupu, na mwenye blaindi moja akaondoka na kilo yake. Jedwali hupima chipu na halijui zawadi zimegawanywaje: kuziongeza chipu zangu mara mbili kusingeongeza korosho zangu mara mbili, lakini kuzipoteza kulinitoa kabisa, wakati kwa kutupa tu ningemwacha yule mwenzetu atangulie kuondoka.

Tena jedwali huchukulia kwamba aliye mbele yako naye anacheza kwa hesabu. Mpwa wa mwenyeji huitikia kila kitu, na dhidi yake mikono iliyo dhaifu naitupa bila kutazama karatasi.

Kwa anayeanza, naipa nyota nne kati ya tano, mradi alitumie kujifunzia nyumbani na si mezani. Lamineshi yangu imeshaanza kuachia pembeni kwa unyevu wa pwani, na namba za safu ya jeki hazisomeki tena, ingawa hizo nilikwisha kuzikariri.