Dawa za Kichina Nyali: mgongo umepona, mafuta yamenikasirisha

Haya jamani, mlokua mkiniuliza ile duka ya dawa za Kichina huku Nyali, Mombasa, ikoje, ngoja niwape yote. Jina sitaji, wenyewe ni watu wazuri na ugomvi wangu ni wa chupa moja tu.

Mgongo ulinishika tangu Ramadhani, kuinama nifagie siwezi, shoga yangu akanambia twende. Nkalazwa kifudifudi, mama mmoja wa makamo akanipaka mafuta ya simsim akaanza kunikwaruza na kipande cha pembe, kutoka shingoni kushuka chini, wenyewe wanaita gua sha, mistari miekundu ikatoka kama nimechapwa bakora. Mume wangu kuiona usiku akauliza nani kanipiga! Lakini wallahi siku ile nlilala. Usafi nawapa kumi kwa kumi, na yule kijana anayetafsiri Kiswahili chake kizuri kushinda cha wanangu.

Sasa mafuta. Chupa ndogo ya mili 100 wameniuzia 1,200, lebo yote Kichina, nikaambiwa nipake asubuhi na jioni na choo kikiwa kigumu ninywe kijiko kimoja. Ya choo sikushangaa, kwao simsim hulainisha matumbo, na bibi yangu Kibokoni alitunywesha uto, yale mafuta yetu ya simsim, kwa kazi hiyo hiyo. Kufika nyumbani nikafungua, lo! Meusi kama chai ya mkandaa, nkajipaka hivyo hivyo, mtoto wa mwisho akaja mbio toka nje, "mama, wapika kashata?" Leso ile nimeifua mara tatu bado yanukia kashata.

Kumbe hiyo ni simsim iliyokaangwa kwanza ndio ikashindikwa, ile Wachina hutia kwenye supu na tambi. Nikakaa na simu usiku nisome, na utacheka, wakubwa wao wenyewe walishasema. Tabibu wao Tao Hongjing, aliyekufa mwaka 536, alisema yaliyoshindikwa mabichi ndiyo dawa, ya kukaangwa ni ya kula na kuwashia taa tu, na Li Shizhen akayaweka maneno hayo kwenye Bencao Gangmu, kile kitabu chao kikubwa cha dawa kilichochapwa 1596. Yaani mimi nimelipa 1,200 kujipaka mafuta ya taa 😂

Nikarudi na chupa yangu. Kijana akaenda nyuma kuuliza, akarudi asema mabichi yaliisha. Sasa si ungenambia mapema? Pesa hawakurudisha, wamenikwaruza bure mara moja, yakaisha.

Mara hiyo nlibeba uto wangu wa Mji wa Kale, ule wa chupa ya soda, manjano hafifu na machicha kidogo yamekaa chini, ndio tunaokandia wazazi waliojifungua kwenye arobaini. Yule mama akanusa, akatia tone kiganjani akalisugua, akaninyooshea dole gumba. Kwa hivyo kukwaruzwa nendeni, mafuta bebeni yenu, ila kama simsim hukutoa vipele usiguse yoyote, wala yao wala yetu.

Nyota tatu na nusu. Ile chupa iko jikoni, natia kwenye tambi, na ni tamu kwa kweli.